Firigisi ya Mjomba

Basi likisimama Nanganga, usijifanye umelala. Hapo ndipo njia ya Ruangwa inapoachana na ile ya kwenda Ndanda na Masasi, na hapo ndipo abiria aliyeshiba tangu Mingoyo hukumbuka ghafla kwamba ana tumbo. Gari halijatulia vizuri, madirisha yamekwisha jaa mabeseni: mayai ya kuchemsha, karanga, korosho za kukaanga kwenye vifuko, maji ya chupa, na vijiti fulani vyembamba vya rangi ya udongo ambavyo mimi, mzaliwa wa Bukoba, nilividhania dawa ya tumbo.

Nikanunua. Mhaya akiwa safarini hamwulizi mtu jina la chakula. Anauliza bei tu, tena kwa sauti ya mtu ambaye bei haimhusu. Nikauma. Kumbe ni ming'oko, viazi vya porini vinavyochimbwa msituni wakati wa kiangazi. Watu wa Mtwara na Lindi wameishi navyo miaka na miaka pale ghala linapopungua, na siku hizi wanavila hata ghala likiwa limejaa, kwa chumvi na pilipili, kwa utamu tu. Huchemshwa na ganda lake, kisha mlaji akamenya kwa vidole. Hilo la kumenya muuzaji hakuniambia, na simlaumu. Hata mimi sijawahi kumwelekeza mtu namna ya kula ndizi mbivu. Nikaendelea kutafuna maganda kwa heshima zote, macho yangu yakiwa nje ya dirisha.

"Mwanangu," mama niliyekaa naye kiti kimoja alishindwa kuvumilia, "kwenu huko mnakula na maganda?"

"Ganda ndilo lenye vitamini, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kwa upole mkubwa, kisha akageukia kiti cha nyuma akanong'ona. Kicheko kilisafiri taratibu hadi kiti cha mwisho, kikarudi mbele mpaka kwa dereva. Tulipopita Ndanda nilikuwa na jina jipya. Wakati wa kushuka Masasi konda alipaza sauti: "Mzigo wa Vitamini, ushushwe!"

Mzigo wenyewe ulikuwa mizani. Mimi ni fundi mizani. Oktoba ikifika na minada ya korosho ikikaribia, vyama vya msingi vya ushirika hukumbuka kwamba mizani zao zimekaa ghalani tangu msimu uliopita zikila kutu, na kwamba Wakala wa Vipimo atakuja kuzihakiki. Bosi wangu alikuwa amepata kazi ya kuzitengeneza Masasi na Newala. Akanituma mimi kwa sababu wenzangu wote waliugua siku moja.

Masasi ni mji wa mawe. Vilima vya mwamba mtupu vimesimama katikati ya tambarare bila kumwomba mtu ruhusa, na ni jirani ya vilima hivyo ndipo wamisionari wa Kiingereza walipowaleta watumwa walioachwa huru mwaka 1876, wakaanzisha makazi. Mji ulioanza kwa kuwapokea watu wa namna hiyo hauwezi kushtuliwa na Mhaya mmoja aliyevaa shati jeupe. Shati hilo nililivaa kwa makusudi, kwa ajili ya kutazamwa. Nikapita nalo soko la Mkuti, kijana mmoja akanipa bibo, lile tunda ambalo korosho huning'inia chini yake. Bibo bivu halina subira. Ukiling'ata linakukaba koo kwanza, ndipo linamwaga maji yote kwa mpigo, kidevuni, kiganjani, kifuani. Nikajifuta, nikatazama shati: safi, maji tu. Hapa ndipo bibo linapowapata wageni, maana rangi yake haiji siku hiyo. Inakuja ukishafua, na ikija haiondoki. Nilipoanua shati langu kwenye kamba ya gesti lilikuwa na doa la kahawia mfano wa ramani ya Ziwa Viktoria, Ukerewe ikiwa mahali pake. Mama wa gesti alilitazama, akauliza: "Mabibo?" Nikasema ndiyo. "Basi hilo sasa ni la shamba."

Kutokana na mabibo hayohayo wanatengeneza uraka, kinywaji ambacho asubuhi ni kitamu na jioni kina mambo mengine. Nitauruka. Mizani na uraka haviendi pamoja.

Kuhusu panya nilikuwa nimekwisha onywa Dar es Salaam. Kila anayekwenda kusini huonywa, na mara nyingi anayemwonya hajawahi kuvuka Rufiji. Hivyo karani wa chama kimoja, Mmakua wa maneno machache, aliponialika kwake jioni, nilikwenda nimejiandaa. Walikuja kwenye bakuli: wamebabuliwa manyoya, wamekaushwa kwa moshi, wamechemshwa kwa chumvi, mikia imekunjwa kwa adabu. Wenyeji huwaita samaki nchanga, na watakusisitizia kwamba huyu ni panya wa shamba, anayekula karanga na nafaka safi, siyo yule wa darini kwenu anayekula sabuni. Si kila nyumba inawala. Zipo ambazo dini imewakataza, na zipo ambazo dini imewakataza mchana tu. Kiangazi vijana huchoma nyasi na kuwafukua mashimoni. Mara nyingine moto huo huvuka mpaka ukaingia kwenye mikorosho ya mtu, na siku hiyo mwenye shamba hukosa hamu ya kitoweo.

Ladha? Moshi, chumvi, na mifupa mingi midogo ambayo wenzangu waliitafuna bila kusimama na mimi niliipanga ukingoni mwa sahani. Lakini nilimaliza. Kisha nikaona sasa ni zamu yangu. Nikafungua begi nikatoa kopo la senene wa kukaanga, chakula cha heshima kwetu, ambacho zamani wanawake waliwakamata na kuwakaanga lakini wenyewe hawakuruhusiwa kuwala. Kopo hilo nilikuwa nimelibeba tangu Bukoba nikisubiri nafasi ya kuwaonyesha watu maana ya kula. Nikafunua kifuniko.

"Baba!" mtoto wa karani alipiga kelele. "Mgeni anakula panzi!"

Kijana aliyekaa mkabala nami, mkia wa panya mdomoni, aliutoa taratibu akaurudisha bakulini. Hamu ilikuwa imemwisha. Karani mwenyewe alisogeza kigoda chake nyuma kidogo. Bibi wa nyumba ile peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akachukua senene mmoja, akamtafuna akiwa amefumba macho, nyumba nzima ikimsubiri.

"Huyu ni kumbikumbi aliyekonda," akasema. "Tena kakosa chumvi."

Nimewatetea senene mbele ya Wachaga, Wagogo na Wazanzibari. Sikuwahi kukutana na hoja ya kukosa chumvi.

Safari ya kupanda Newala niliianza kwa bodaboda, mizani ya kuning'iniza begani, na chini ya mlima, kwenye kijiji kimoja, tukasimama dereva anunue mafuta ya chupa. Bibi mmoja alikuwa ameanika korosho zake kwenye mkeka. Njaa ilikuwa imenishika. Nilitaka za kutafuna tu.

"Shikamoo, bibi. Korosho unauzaje?"

"Marahaba," bibi aliitikia. Akanitazama uso, akatazama mizani, kisha akageuka akaliita jina la mtu kwa sauti iliyosikika kitongoji kizima.

Msomaji wa kusini ameshacheka. Wengine niwaeleze. Tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara huuzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka kwenye chama chake, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, mnada unafanyika. Mtu anayezunguka vijijini na kipimo chake, akinunua kwa bei ya shida kutoka kwa aliyebanwa na ada ya shule, huyo ni kangomba, na serikali haimpendi. Mwaka 2018, serikali iliposema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likaingia kuzisomba, wakulima walihakikiwa mmoja mmoja ili ijulikane nani ana shamba na nani ana kangomba. Watu hawajasahau. Sasa mgeni, mwenye lafudhi ya mbali, mizani begani, anaulizia bei kwa bibi aliye peke yake!

Mwenyekiti wa kitongoji alifika na vijana wenye vifua.

"Mizani ya nini?"

"Mimi ni fundi, mwenyekiti. Natengeneza."

"Wote huwa mafundi."

Nikatafuta barua ya kazi. Ilikuwa kwenye mfuko wa lile shati, na shati lilikuwa Masasi, la shamba. Mambo yalikuwa yanakwenda vibaya hasa, mpaka sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma ya nyumba: chakula tayari. Mwenyekiti akakunja daftari lake. Mgeni hahojiwi na njaa, alisema. Mambo ya mizani baadaye. Tukakaa mkekani, mshitakiwa na washitaki, kuzunguka sinia moja. Wanawake na watoto walikaa upande wao, wakaendelea kunitazama kutoka huko.

Katikati ya sinia palikuwa na mlima wa ugali wa muhogo, ule wa makopa, mweupe unaoelekea kijivu, unaovutika na usiokubali kuachana na kidole. Pembeni kisamvu kilichotwangwa na kuungwa kwa korosho mbichi zilizosagwa, kizito, chenye mafuta yake chenyewe. Nikiwa waziri nitakifanya mboga ya taifa. Na kwenye bakuli dogo, vipande vya ng'onda vilivyorostiwa kwa nyanya. Nikanawa, nikasema bismillahi pamoja nao ijapokuwa mimi ni Mlutheri, nikakata tonge, likaniunguza, nikalihamisha mkono hadi mkono, na kwa haraka ya kulipoza nikalichovya moja kwa moja kwenye bakuli la samaki. Nikaibuka na kipande kikubwa kuliko vyote.

Mikono yote ikasimama. Mzee mmoja akakohoa. Nikatazama sinia, nikaona jambo ambalo lilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mimi: wote walikuwa wanakula kisamvu. Ng'onda alikuwa anangoja. Mboga ya majani ndiyo inayosindikiza ugali. Kitoweo hukaa pale kikitazamwa mpaka mwisho, ndipo mkubwa wa sinia anapokigawa, kila mtu kwa nafasi yake. Watoto wa huko wanalijua hilo kabla hawajajua kuhesabu.

Mwenyekiti aliweka tonge lake chini. Akanitazama kwa muda mrefu.

"Sasa naamini wewe si kangomba," alisema. "Kangomba ana akili. Hawezi kuanza na kitoweo."

Kesi ikaishia hapo. Mzee alipogawa samaki waliobaki mimi nilipewa kichwa, ambacho nilikipokea kwa mikono miwili, na bibi akanifungia korosho za bure kwenye karatasi ya daftari.

Newala ni juu, na ni baridi. Upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma, na ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni kabisa mwa uwanda, unaona nchi imeanguka mbele yako mpaka kule inakoanzia Msumbiji. Nilifikia kwa familia moja ya Kimakonde ambayo mkubwa wake, waliyemwita mjomba, alikuwa kwenye bodi ya chama tulichokuwa tunakitengenezea. Kabla ya chakula kijana alipiga goti mbele yangu na jagi, beseni na kipande cha sabuni. Mgeni huanza. Nami, baada ya yaliyonikuta kule chini, nilikuwa nimeapa kuwaonyesha kwamba Bukoba kuna malezi. Nikapaka sabuni vidole, viganja, viwiko. Nikasuuza. Nikapaka tena. Kijana alikuwa ananimiminia huku anamtazama mjomba. Jagi likazunguka kwa wengine, kila mmoja akalowesha ncha za vidole, na lilipofika kwa mjomba lilitoa matone yanayohesabika. Akayasugua viganjani kwa uangalifu, akasema, "Alhamdulillahi."

Habari za maji ya Newala nilielezwa baada ya hapo. Uwanda wa Makonde hauna mto juu yake. Mvua inapita mchangani na kutokea chini mabondeni. Hadithi ya wazee inasema mtu wa kwanza alichonga gogo likawa mwanamke, na watoto wao waliozaliwa karibu na maji wakafa, mpaka walipopanda juu kabisa ndipo mtoto akaishi. Basi wazao wakausiwa kuyakimbia mabonde. Karl Weule, Mjerumani aliyepiga kambi Newala mwaka 1906, aliiingiza hadithi hiyo kitabuni mwake. Mababu waliutii wosia, na wanawake wakalipa gharama, vizazi kwa vizazi, kushuka na mtungi na kupanda nao. Sasa mradi wa Makonde unasukuma maji kutoka Mitema, lakini bomba lina siku zake, na tangi la mvua la mwenyeji wangu, ukiligonga Oktoba, lilikuwa linalia ngoma. Viwiko vyangu vilikuwa visafi kuliko viwiko vyote vya wilaya.

Akaja kuku. Kuku niliyekuwa nimemwona akitembea wakati naamkia, sasa yuko bakulini na mchuzi wa nazi. Nikaweka mikono mapajani. Nikala majani, nikala ugali, nikala majani tena. Nilikuwa tayari kungoja hadi Krismasi.

"Mgeni," mjomba akasema, "karibu, anza wewe."

Mtu mwingine angechukua paja. Mimi nilikuwa nimeshajifunza unyenyekevu. Nikapekua kwa ncha ya vidole, nikapita paja, nikapita kidari, nikapita hata bawa, nikachagua kipande kidogo kuliko vyote, cheusi, cha mviringo, kilichojificha chini kabisa. Kipande ambacho hakuna mtu angekionea wivu. Nikakitia mdomoni, nikatafuna, na kwa ule ugumu wake wenye utamu nikatambua ni firigisi.

Hakuna aliyekohoa safari hii. Mke wa mjomba alishika kidevu.

"Mgeni ana macho," mjomba alisema.

Kwa Wamakonde, na kwa Wamakua na Wayao pia, ukoo unakwenda kwa mama. Baba yupo, anaheshimiwa, ana kiti chake. Lakini neno la mwisho juu ya watoto ni la kaka wa mama yao, na katika nyumba ile firigisi ilikuwa yake tangu mjomba wake yeye alipofariki. Kwetu mjomba anakuja harusini, anakula, anaondoka. Nilijaribu kuomba radhi, mzee akanizuia kwa kiganja.

"Aliyekula firigisi ameshika na kiti," alisema, akaegemea ukuta na sura ya mtu aliyestaafu leo. "Mleteeni mambo yake."

Nilidhani ni utani. Ulikuwa utani, lakini utani wa kusini una risiti. Mpwa mmoja alikuwa anaingia jando likizo ya Desemba, na nguo, kitoweo na wapiga ngoma vilikuwa juu ya mjomba. Nikatoa mchango, ukaandikwa daftarini. Mpwa wa pili alikuwa amegombana na mkewe kwa sababu ya baiskeli. Nikatoa hukumu, ikakataliwa na pande zote mbili, wakapatana ili tu wasiifuate. Wa tatu alitaka tu nauli ya kwenda Tandahimba, na huyo ndiye aliyecheka kuliko wote. Usiku ule nililala mjomba wa watu ambao sikuwajua majina.

Asubuhi mzee alirudishiwa cheo chake, nami nikakabidhiwa jogoo mwekundu, mzima, miguu imefungwa kwa kamba ya mkonge. Zawadi ya namna hiyo haikataliwi. Unaikumbatia na kusema ahsante, hata kama inakudonoa.

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Tandahimba na Newala ni kilomita 210, na lami inaisogelea kipande kwa kipande, lakini kipande kilichotupata sisi hakikuwa kimefikiwa. Konda alimtoza jogoo nauli ya mtoto. Hatukuwa tumefika mbali kwenye mteremko pale kitu kilipokatika chini ya gari kwa mlio ambao hata mimi, fundi wa mizani, niliuelewa. Dereva akaingia uvunguni, akatoka, akasema spea iko Masasi. Jua likapanda. Abiria wakakaa chini ya mikorosho, wakazungumza habari za bei, kisha wakanyamaza, na nikaona macho yao yanahama kidogo kidogo kuja upande wangu.

"Mjomba," alisema mama mmoja kwa huruma, "huyo jogoo anateseka na jua."

"Anahema," mwingine aliongeza. "Atafia mikononi mwako, awe haramu kwa wote."

Mzee mwenye kofia alikuwa ameshasimama, anauliza kibla kiko wapi. Kisu kilitoka kwa muuza miwa. Sufuria ilitoka nyumba ya jirani na barabara, unga ukatoka kwenye gunia la mtu, chumvi kwenye mkoba wa mtu, na nazi na mboga za majani zikatoka sijui wapi. Hakuna aliyeuliza mwenye kuku anasemaje. Bakuli lilipowekwa chini nilikaa mbali nalo, mikono mgongoni, nikiusifu ugali.

Wakala mboga zote za majani. Nyama ikasubiri, na katikati yake, juu kabisa, kwa nia mbaya ya mpishi, ilikuwa firigisi. Wazee wakatazamana. Konda, kijana wa mjini, akapenya katikati yao, akaidaka.

"Hapa mjomba wa gari ni mimi," akasema, akaitupia mdomoni.

Nikasimama. Nikawaeleza abiria, kwa sauti na kwa mpangilio, sheria niliyofundishwa Newala usiku uliopita: aliyekula firigisi ameshika na kiti, na mwenye kiti ndiye mwenye gharama za wapwa. Kwa hiyo mjomba wetu ataanza kwa kuturudishia nauli, na ya jogoo iwe ya kwanza.

Vigelegele vikapigwa. Yule mama mwenye huruma alikuwa wa kwanza kunyoosha kiganja. Konda aliduwaa, akajaribu kuitema, lakini ilikuwa imeshapita kooni.